Mkono wa Nani?

Sikuombi uniamini. Tena ukitaka, acha kusoma hapahapa ukalale, mimi sipungukiwi na kitu. Wenye vyeti vyao wameshanisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaniuliza niliishia darasa la ngapi. La saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini kati ya wote walionicheka hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa ndani ya ndege ndogo ya injini mbili, usiku wa baridi, juu ya milima ya mawe, akamsikia mtu wa tatu anaongea wakati viti vyenye watu ni viwili tu. Kwa hiyo na wewe cheka. Nitakuvumilia kama ninavyomvumilia shemeji yangu.

Huyo shemeji ndiye aliyekutwa na haya. Amemwoa dada yangu, na alikuwa rubani. Nasema alikuwa. Siku hizi anashinda sebuleni, shuka magotini kama bibi kizee, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Mtaani wanasema aliogopa. Mimi ndiye niliyewaambia.

Uwanja wetu uko juu kwenye uwanda wa baridi: njia moja ya lami, banda moja la mabati, na ofisi yenye birika ambalo halijawahi kusuguliwa. Mimi ndiye mtu wa baridi pale. Jioni nang'oa betri za ndege, naziingiza ndani zilale karibu na jiko. Kabla ya safari nachomeka bomba la hewa moto chini ya vifuniko vya injini, kwanza ya kushoto halafu ya kulia, kwa sababu oili ikishaganda inakuwa kama gundi, na ukilazimisha kuwasha utavunja kitu cha bei ya nyumba ya baba yako. Rubani yeye anakuja wakati kila kitu kina joto, amevaa tai, anapanda, anapungiwa mikono. Ukimwita dereva ananuna.

Ila kazi yenyewe hasa ni mabawa. Usiku ukiwa mkavu na anga safi, umande unagandia juu ya bawa, barafu nyembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Wewe utasema hiyo ni nini? Hiyo ndiyo inayoua watu, ndugu yangu. Bawa likishakwaruza hewa badala ya kuteleza juu yake, ndege inageuka kuwa gunia la chumvi lenye injini. Na tochi inakudanganya. Barafu iliyo safi ukiimulika inang'aa kama rangi mpya. Macho hayaijui. Inajulikana kwa kiganja kitupu, unachokipitisha juu ya bati kuanzia shinani mpaka nchani, na ukisikia chembe hata moja unarudia upya.

Utaratibu huo tuliachiwa na fundi mmoja mzee tuliyemwita Babu Kiganja. Alikuwa mkavu kama kuni, mbishi, na glovu alikuwa anaziita soksi za wavivu. Akimaliza bawa la mwisho anakwenda dirishani kwa rubani. Rubani anauliza, "Mkono umepita?" Anajibu, "Umepita." Rubani anauliza tena, "Mkono wa nani?" Anajibu, "Wangu." Basi. Hakuna karatasi, hakuna saini. Neno hilo moja maana yake ni kwamba ndege ikianguka, wewe ndiye uliyeiangusha.

Alikufa kwa kazi hiyohiyo, miaka miwili kabla ya usiku ninaokuhadithia. Tulimkuta alfajiri ameegemea bawa, macho wazi, kiganja kimegandia kwenye bati. Wenzangu walilia. Mimi nilisema angevaa soksi za wavivu angekuwa anakunywa chai saa hiyo. Ilibidi nimwage birika zima la maji ya moto ndipo mkono uachie. Mkono uliachia, lakini ngozi ya kiganja ilibaki kwenye bawa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, hata ya kuchosha. Asubuhi ilikuja mizigo ya dawa za mifugo, mchana nikaosha vioo vya ndege, nikalala kidogo juu ya maturubai. Shemeji alikaa ofisini anasoma kitabu chake cha sheria za anga, kile kinene, anapigia mistari kwa rula. Kwa rula! Mtu mzima na watoto, au tuseme na mtoto njiani, maana dada alikuwa kwa mama yetu, mji wa ng'ambo ya milima, anasubiri kujifungua.

"Shemeji," nikamwambia, "ukikimaliza hicho watakupa ndege yenye choo?"

"Bwana mdogo," akasema bila kuinua macho, "siku utakayosoma ukurasa mmoja nitakununulia koti."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Yeye na rula yake, mimi na mdomo wangu.

Jua lilipotua, mama akapiga simu. Nilisikia sauti yake mpaka nje ya ofisi. Mtoto alikuwa ametoka salama, wa kike. Dada ndiye hakuwa salama. Damu haikatiki, na damu ya aina yake hospitali ya huko hawana hata mfuko mmoja. Hospitali ya kwetu wanayo. Kwa gari, kuzunguka milima ni saa tisa. Daktari alikuwa amempa saa tatu. Kwa ndege ni dakika arobaini.

Shemeji akafunga kitabu taratibu. Akaweka rula juu yake, ikae sawa. Akasema, "Washa hewa moto." Akaisogeza rula tena kidogo, na mimi nikamdharau hapohapo.

Gari la hospitali likaleta boksi. Mifuko minne. Muuguzi akatuambia isigande na isipate moto, maana ikiganda imekufa na ikipashwa imekufa. Nyuma ya ndege yetu kuna baridi ya kuua kuku, kwa hiyo ikabidi mtu apande alipakate boksi karibu na hita, lakini lisiiguse. Mtu huyo ni mimi. Dada ni wangu pia, usisahau.

Baridi ya usiku ule ilikuwa na meno. Nyota zilikuwa nyingi mpaka zinakera. Niliwasha hewa moto injini ya kushoto, nikahamisha bomba kulia, nikarudisha betri, nikapanda ngazi na fagio na tochi kuondoa barafu kwenye mkia na mabawa. Shemeji alikuwa kwenye simu na watu wa uwanja wa ng'ambo, anawaomba wawashe taa za njia. Niliposhuka nikaenda dirishani.

"Mkono umepita?"

"Umepita."

"Mkono wa nani?"

"Wangu, shemeji. Twende, bwana, mkeo si kitabu, hatasubiri."

Akawasha ya kushoto. Akawasha ya kulia. Pangaboi zikashika, taa za uwanja zikatetemeka kwenye vioo. Tukavaa hedifoni, maana kwa kelele za injini zile bila hedifoni huwezi kusikiana hata mkiwa mmegusana mabega. Zilikuwa mbili tu ndani ya ndege. Ya tatu iliharibika zamani, ilikuwa imening'inia nyuma kwenye msumari, waya umekatika.

Ndege ilikimbia sana kabla ya kunyanyuka. Nilihesabu taa za njia, na zile tunazoziacha nyuma siku zote tuliziacha nyuma, na nyingine, na nyingine, mpaka ikabaki moja. Tukanyanyuka juu ya hiyo moja. Shemeji alikuwa ameuma mdomo wa chini.

"Nzito," akasema.

"Ni boksi na mimi tu."

"Inalalia kulia."

Kweli ilikuwa inalalia kulia. Aliushika usukani ameupinda kushoto, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda. Injini zote mbili alizipa nguvu mpaka mwisho. Mshale wa kimo ulipaswa kupanda kama mtu anayekwea ngazi, lakini ulikuwa unapanda kama mgonjwa. Mbele yetu hapakuwa na kitu, ila nyota za chini hazikuwepo. Pale zilipokatika ndipo milima ilipoanzia.

"Geuza," nikamwambia.

"Nikigeuza kwa mwendo huu inaanguka."

"Sasa?"

Alitazama boksi mapajani mwangu, akatazama mbele. Nikawaza huyu ndiye aliyepigia mistari kwa rula. Hebu kitabu kije kimsaidie.

Kuna taa ndogo ubavuni mwa injini inayomulika bawa, ya kuangalia barafu. Akawasha ya kushoto. Bawa lilikuwa jeusi, safi. Akawasha ya kulia, ya upande wangu.

Bawa lilikuwa jeupe.

Jeupe lote, kama nguo iliyoanikwa.

Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniudhi. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba barafu imeingia tukiwa hewani, kwamba wingu, kwamba unyevu. Anga lilikuwa halina wingu hata moja. Hakuniuliza.

Mshale wa kimo ukasimama.

Milima ikawa karibu. Sasa niliweza kuona ukingo wake, mweusi kuliko usiku. Ulikuwa juu yetu.

Ndipo hedifoni ikakwaruza.

Ikakohoa.

Kikohozi kikavu cha mzee, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea na mkubwa. Nilimtazama shemeji. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Wangu pia. Shemeji aligeuka nyuma, nami nikageuka. Hapakuwa na mtu. Ile hedifoni mbovu haikuwa kwenye msumari.

"Mkono umepita?"

Kwa kunong'ona. Karibu sana. Sauti niliijua. Na wewe ungeijua kama ungewahi kuumwagia mkono wake maji ya moto.

"Nani huyo?" shemeji akanong'ona.

Hewa ya hita ilikuwa inanipiga miguuni, na jasho lilikuwa linanitoka mgongoni, na kioo cha upande wangu kikaanza kufunga ukungu kutoka nje. Mtu anapumua, nikawaza. Kuna mtu anapumua nje ya kioo.

"Mkono wa nani?"

Tukanyamaza wote wawili.

Halafu nikasikia bati. Si kwa masikio, kwa mfupa wa kiti. Kitu kinasugua. Taratibu, kwa mkazo, kama mtu anayefuta meza. Nikatazama bawa chini ya ile taa ndogo. Kutoka shinani, palipokuwa peupe, ukafunguka mstari mweusi wa upana wa kiganja. Ukaenda mpaka nchani. Vumbi la barafu likaruka nyuma, likapotea. Ukafunguka wa pili kando yake. Wa tatu. Sikuona mtu. Sikuona mkono. Niliona kazi yake tu.

Shemeji alikuwa ameachia vishikio vya injini. Ndiyo, ameviachia, ndege inakwenda mlimani. Mkono wa kulia ameukunja kwapani, amejiinamia, meno nje, analia bila sauti. Usukani kaushika kwa kushoto peke yake. Hii sehemu ndiyo niliyowahadithia watu wa mtaani, na walicheka mpaka wakashika mbavu. Rubani mzima, mkono kwapani kama mtoto aliyechapwa.

Kusugua kukakoma.

Mstari wa mwisho uliishia nchani kabisa, na pale nchani ukasita.

Ndege ikashtuka. Ikanyanyuka upande wa kulia kama mtu aliyetua mzigo. Mshale wa kimo ukaamka. Ukingo wa mlima ukapita chini ya matumbo yetu, karibu kiasi kwamba taa yetu ilimulika mawe, na kwenye mawe nikaona kivuli cha ndege yetu. Juu ya bawa la kulia, kivuli kilikuwa na mtu amechutama.

Halafu mawe yakaisha.

Tulitua. Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri mwisho wa njia, nikashuka mbio na boksi, na damu ilikuwa nzuri, haijaganda wala kuharibika. Dada akaongezewa mifuko mitatu. Kabla hakujapambazuka alifungua macho akauliza nani anapiga kelele. Ilikuwa ni mimi, naeleza jinsi nilivyomwokoa.

Asubuhi nikarudi uwanjani kuangalia ndege. Ilikuwa imelala nje, na barafu mpya ilikuwa imelifunika bawa la kulia lote, isipokuwa sehemu moja pale nchani. Sehemu ya ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa, vidole vitano, kavu kabisa. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa nje. Babu Kiganja vidole vyake vilinyooka kama penseli. Mwenye kidole kidogo kilichopinda ni shemeji, alikivunja utotoni mlangoni.

Bawa hilo lipo hadi leo, lilipakwa rangi mara mbili. Usiku wa baridi njoo na tochi nikuonyeshe. Sehemu ile haigandi.

Na mkono wake? Daktari, kijana mwenye miwani kubwa kuliko akili, alisema ni baridi imeula. Baridi gani? Mimi nilikaa naye bega kwa bega, hita inapuliza, sikupata hata mafua. Na baridi inakula vidole inaviacha vyeusi. Mkono wa shemeji haukuwa mweusi. Kiganja kilikuwa laini kama ndani ya kikombe. Mistari yote imefutika. Kwenye ofisi ya leseni walimwambia aweke kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Wakaipangusa, ikakataa tena. Karani akamwambia kwa utani, "Mzee, wewe hupo." Hasikii moto kwa mkono ule, hasikii kisu, hasikii usukani. Leseni ikaenda. Kikombe cha chai akikishika kwa mkono ule kinapoa kabla hajakifikisha mdomoni. Na mtoto akilia usiku, shemeji akimwekea kiganja kifuani, mtoto hatulii taratibu kama watoto wengine. Ananyamaza ghafla, macho wazi.

Hiyo ndiyo hadithi. Nimeihadithia mara nyingi, na huwa naishia hapo, watu wanacheka kwanza halafu wanaangalia viganja vyao.

Ila kuna sehemu niliruka. Pale niliposema tulinyamaza wote wawili, nilidanganya.

Bawa la kushoto nililipitishia mkono. La kulia nililifagia tu, glovu mkononi, mara tatu au nne, nikamulika, nikaona linang'aa, nikasema basi. Vidole vilikuwa vinaniuma. Ndani ya ndege kulikuwa na hita. Sababu ni hiyo, sina nyingine nzuri zaidi.

Sauti ilipouliza mkono wa nani, mimi nilijibu. Nilijibu haraka, hata haikumaliza kuuliza.

"Wa rubani."

Shemeji akageuka akanitazama. Hakushangaa. Nadhani alishajua tangu alipowasha ile taa. Neno moja tu angelisema, tena neno la kweli, na mimi nisingekuwa na pa kukimbilia kule juu. Sauti ikauliza mara ya pili. Polepole. Ilikuwa inanipa nafasi, mimi nalijua hilo kuliko ninavyojua jina langu. Nikainama nikatazama boksi.

Shemeji akatazama boksi pia. Akatazama mlima.

Akasema, "Wangu."

Ndipo alipouficha mkono kwapani, na bawa likaanza kusuguliwa.

Dada hajui. Anaamini mumewe aliogopa, kwa kuwa ndivyo kaka yake alivyomwambia, na kaka yake alikuwepo. Yeye shemeji hajawahi kulitaja. Mwaka na miezi, nakula kwake, nakaa kwenye kiti chake, namtania mbele ya wageni, hajawahi. Juzi walikuwa wanatoka kwenda kliniki na mtoto, dada akaniita nimsaidie mumewe kufunga vifungo vya shati, maana vile vya juu vinamshinda. Nikaenda. Nikaanza kufunga. Ule mkono ukanigusa shingoni, kwa bahati mbaya, na nikaruka kama nimemwagiwa maji ya kisima.

Akauvuta upesi, akauficha nyuma ya mgongo.

"Samahani, bwana mdogo," akaniambia. Yeye ndiye aliyeniomba mimi samahani.